Wema kwa Nguvu

Mtoto mchanga akiugua, mama humshika pua akamnywesha dawa chungu, wala hapana mtu amlaumuye. Mtoto haijui faida ya dawa, mama aijua. Leo atalia, kesho atacheza, na kilio chake kitasahauliwa. Sasa, msomaji, mwondoe mtoto katika mfano huu, na mahali pake mweke mtu mzima, mwenye akili zake, nyumba yake, wanawe na mali yake. Karibu naye mweke mtu mwingine aliyesoma zaidi, ambaye ameuona ugonjwa asiouona mwenziwe. Je, huyu naye ana ruhusa ya kumshika mwenziwe pua?

Usilijibu swali hili upesi. Ukisema hana ruhusa, utaulizwa: je, tumwache mtu aangamie huku tunamtazama? Ukisema anayo, utaulizwa: ni nani atakayekuwa mama, na ni nani atakayekuwa mtoto? Mambo mengi yaliyotokea duniani katika zama za viwanda na himaya yamefungwa ndani ya maswali haya mawili. Mataifa yenye mitambo yalikwenda katika nchi za wengine, na aghalabu hayakusema kwamba yamekuja kuchukua. Yalisema yamekuja kuleta: kuleta amani, biashara, dawa na elimu. Baadhi ya waliosema hivyo walisema uongo, na hao hawatupi taabu ya kufikiri, maana mwizi ni mwizi hata akivaa joho la hakimu. Taabu iko kwa wale waliosema kweli, au waliosema jambo lenye kweli ndani yake. Insha hii yawahusu hao.

Ili tusifikiri hewani, na tuchukue mahali pamoja na jambo moja. Mahali ni vilima vya Iveti, kaskazini ya mji wa Machakos katika nchi ya Kenya, ambamo umo mji mdogo wa Kathiani. Mgeni afikapo huko leo huona kwamba miteremko imekatwa ngazi, tuta juu ya tuta, toka bondeni hata karibu na kilele. Juu ya ngazi hizo yamepandwa mahindi na maharagwe, mibuni na miembe, na kingo za matuta zimeshikwa na majani ili udongo usiporomoke. Mgeni asiyejua habari aweza kudhani vilima viliumbwa hivyo. Havikuumbwa hivyo. Katika miaka ya 1930 sehemu kubwa za wilaya ya Machakos zilikuwa tupu, zimechimbwa na maji ya mvua makorongo mekundu, na wataalamu wa serikali ya Kiingereza waliandika juu yake kama watu waandikao juu ya mgonjwa mahututi.

Nchi hiyo ilifikaje katika hali ile? Mwaka 1889 kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga kituo Machakos. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Mwaka 1899 ilifika Nairobi, na mwaka 1901 ilifika Ziwa Viktoria. Nyuma ya reli walikuja walowezi, na mbele ya walowezi ilikwenda mipaka. Vilima vya Mua, vilivyo jirani kabisa na Iveti, vilitolewa kwa Wazungu. Malisho ya uwanda wa Yatta, ng'ambo ya mto Athi, yakahesabiwa kuwa ardhi ya Taji la Uingereza. Wakamba, ambao zamani ukame ulipowabana walihama na mifugo yao, sasa walikuwa ndani ya ua. Watu waliongezeka, ng'ombe waliongezeka, lakini ua haukuongezeka.

Basi sikiliza kwanza hoja za serikali, kwa sababu mwamuzi asikilizaye upande mmoja si mwamuzi bali ni mshabiki. Serikali ilisema: ng'ombe ni wengi kuliko majani. Majani yakiisha, udongo hubaki uchi. Mvua ikinyesha, udongo huchukuliwa. Udongo ukienda, haurudi. Wakati ule ule dunia nzima ilikuwa imetishwa na habari za Marekani, ambako upepo uliinua mashamba ya Oklahoma na Kansas ukayageuza kuwa mawingu ya vumbi, na wakulima maelfu wakaacha nyumba zao. Maofisa wa Kenya walisoma habari hizo, wakatazama makorongo ya Machakos, wakaogopa. Walisema kwamba mifugo ikipunguzwa majani yatapona, ng'ombe watakaobaki watanenepa, na wenye mali watapata fedha. Hoja hii, msomaji, haikuwa ya kipumbavu. Udongo ulikuwa unakwenda kweli. Mtu yeyote mwenye macho aliweza kuona.

Lakini dawa hii ilikuwa na mshirika wake. Kampuni ya Liebig, iliyokuwa maarufu kwa nyama ya mkebe na kwa rojo ya nyama iliyochemshwa hata ikawa nzito kama asali, ilikuwa na kiwanda huko Athi River, kando ya reli. Asili ya rojo hiyo ilikuwa huruma. Justus von Liebig, mwanakemia Mjerumani wa karne ya 19, alitaka maskini wa Ulaya wasioweza kununua nyama wapate nguvu yake kwa bei ndogo. Kampuni yenye jina lake ikajenga kiwanda chake kikubwa Fray Bentos katika nchi ya Uruguay, ambako ng'ombe walikuwa wengi na bei yao ilikuwa ya chini. Kiwanda cha Athi River nacho kilikuwa na tumbo kubwa. Kilihitaji ng'ombe wengi, kila mara, kwa bei nafuu. Hivyo hukumu ya mtaalamu kwamba ng'ombe wamezidi, na haja ya kiwanda kupata ng'ombe, zilikutana njiani zikafuatana. Mwenye nia safi alitembea na mwenye faida, na mtazamaji aliyesimama mbali hakuweza kuwatenganisha.

Mwaka 1938 maneno yakawa vitendo. Ng'ombe walihesabiwa, walioruhusiwa kubaki walitiwa chapa, na waliozidi walipelekwa mnadani. Mwenye ng'ombe alisimama pembeni akaona mali yake inatajwa bei na watu asiowajua, naye hana neno la kusema.

Sasa sikiliza upande wa pili. Kwa mtaalamu, ng'ombe ni mdomo ulao majani. Kwa kiwanda, ni ratili kadhaa za nyama. Kwa mtu wa Iveti alikuwa maziwa ya watoto, mahari ya mwana, deni la shemeji, heshima ya mzee na akiba ya siku ya njaa. Miaka ya ukame na nzige haikuwa imesahauliwa. Mfugaji alijua kwamba katika ng'ombe kumi ukame huenda ukamwachia watatu, na kwamba mwenye watatu tangu mwanzo huenda asiachiwe hata mmoja. Wingi ambao mtaalamu aliuona kuwa ni ujinga ulikuwa ni hesabu, nayo ni hesabu ya mtu ambaye hana benki wala bima.

Tena haikuwa kweli kwamba watu hawa hawakujua biashara. Karne moja kabla ya hapo misafara ya Wakamba ilikuwa ikienda pwani na pembe za ndovu. Mwaka 1849 Ludwig Krapf alipofika Kitui, alikuwa mgeni wa Kivoi, Mkamba mfanyabiashara mkubwa. Watu wa namna hiyo hawahitaji kufundishwa maana ya soko. Walijua vizuri kwamba soko ni mahali ambapo muuzaji anaweza kurudi nyumbani na mali yake akiona bei haimpendezi. Mahali ambapo hawezi kurudi nayo hapaitwi soko, hata pakiwa na mnadi na nyundo yake.

Juu ya yote waliuliza swali ambalo halikupata jibu zuri: je, ng'ombe ndio wengi mno, au ardhi ndiyo ndogo mno? Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya Morris Carter, ilikuwa imetoa taarifa yake mwaka 1934, na ardhi ya walowezi ikabaki ya walowezi. Mtu aliyekuvika kiatu chembamba, kisha akataka kukukata kidole kwa sababu hakiingii, huenda akawa amepima kidole kwa usahihi kabisa. Kosa lake haliko katika kipimo.

Watu wa Ukamba waliunda chama kilichoitwa Ukamba Members Association, na mmoja wa viongozi wake mashuhuri alikuwa Muindi Mbingu. Hawakuchoma kitu wala hawakuua mtu. Mwezi wa Julai 1938 waliondoka kwa wingi, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 60, ili wamwone Gavana, Robert Brooke-Popham, wamweleze kilio chao kwa kinywa chao wenyewe. Walipiga kambi mjini kwa majuma kadhaa. Walipata msaada wa mawazo kutoka kwa watu wengine waliopinga ukoloni, miongoni mwao Isher Dass, Mhindi aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Gavana hakukubali kuwaona pale. Mwezi wa Agosti alikwenda Machakos akasema nao huko, wala hakuwaridhisha. Kisha Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu, mbali na vilima vya kwao. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza mifugo. Ilifikiri pia, pasina shaka, kwamba Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi, na kwamba vita vilikuwa vinanukia Ulaya.

Hiyo ndiyo habari. Sasa turudi kwenye swali.

Katika mwaka 1859 mwanafalsafa Mwingereza, John Stuart Mill, alitoa kitabu juu ya uhuru ambacho husomwa hata leo. Alifundisha kwamba sababu moja tu yatosha kumlazimisha mtu mzima kinyume cha mapenzi yake, nayo ni kumzuia asiwadhuru wengine. Faida yake mwenyewe, ya mwili au ya roho, haitoshi. Unaweza kumshauri, kumwonya na kumsihi. Huwezi kumshika pua. Ni fundisho zuri, nami sidhani kwamba limepata kusemwa kwa uwazi zaidi. Lakini mwandishi huyo huyo alilifungia mlango. Alisema kwamba fundisho hili haliwahusu watoto, wala haliwahusu watu wa jamii ambazo kwa maoni yake zilikuwa bado katika utoto. Hao waweza kutawaliwa kwa mkono wa nguvu, mradi shabaha iwe ni maendeleo yao. Mill alikuwa mtumishi wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki kwa miaka 35, tangu 1823 hata 1858. Alijua vizuri mlango ule ulifungwa mbele ya nani.

Hapa, msomaji, ndipo penye fundo. Mtu mwenye akili nyingi, mpenda haki, alijenga nyumba ya uhuru, akaacha mamilioni ya watu nje kwa neno moja: watoto. Wala neno hilo halikuthibitishwa; lilichukuliwa tu kama jambo lijulikanalo. Nani alipima utoto wa mfugaji wa Kathiani? Alipimwa na mtu asiyejua lugha yake, asiyejua hesabu yake ya ukame, wala asiyekuwa na ng'ombe wa kupoteza. Katika nyumba ya mtu na mwanawe, mama ni mama kwa sababu maumivu ya mtoto ni maumivu yake pia. Mtoto akifa, yeye ndiye atakayelia. Mtawala aliyejiita mzazi wa watu hakuwa na maumivu hayo. Kama dawa yake ingeua, angepewa wilaya nyingine.

Lakini bado hatujamaliza. Utasema: maneno haya ni matamu, lakini udongo ulikuwa ukienda vile vile. Je, watu wa Machakos walipoachiwa ng'ombe wao, hawakuiangamiza nchi yao?

Swali hili lina jibu la matendo. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 serikali ilirudi na mpango mwingine wa kulazimisha, safari hii si wa ng'ombe bali wa kazi. Watu, na zaidi wanawake, waliamriwa kuchimba matuta chini ya usimamizi wa machifu. Kazi hiyo ilichukiwa, na uhuru ulipokaribia mahali pengi matuta yaliachwa yakabomoka. Mtu aliyetazama wakati ule angaliweza kusema kwamba watu wamekataa wema wao wenyewe. Walakini jambo lingine lilikuwa likiota polepole. Desturi ya zamani ya Wakamba ya kusaidiana kazi, iitwayo mwethya, iligeuzwa kuwa vikundi vya kuchimba matuta, na vikundi hivyo vilichagua viongozi wao wenyewe. Mwafrika, aliyekuwa amezuiliwa muda mrefu kupanda kahawa, aliruhusiwa kuipanda, na mbuni mlimani hauna maana bila tuta. Soko la Nairobi lilikua, likataka mboga na matunda. Askari waliorudi vitani walikuwa wameona kilimo cha nchi nyingine. Mkulima akaona kwa macho yake kwamba tuta linamlipa, akalichimba kwa jembe lake. Aina iliyoenea zaidi ni ile ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, nayo huitwa fanya juu. Jina lake la Kiswahili limesafiri mpaka katika vitabu vya kilimo vya nchi za mbali.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya miaka 60 ya nchi hii ya Machakos. Walionyesha kwamba watu walikuwa kiasi cha 240,000 mwaka 1930, wakafika kiasi cha 1,400,000 mwaka 1990. Na katika muda huo mmomonyoko wa udongo haukuzidi, bali ulipungua. Nchi iliyosemwa kwamba haiwezi kuwachukua watu wale wachache ilikuja kuchukua zaidi ya mara tano ya idadi yao, na vilima vyake vikawa bora kuliko mwanzo.

Simaanishi kwamba wataalamu hawakuwa na maana. Sehemu ya ujuzi wa matuta ilitoka kwao, na huenda hata ile miaka ya amri iliacha mafunzo mikononi mwa watu. Ninalosema ni hili: ukweli ule ule wa kwamba udongo unakwenda ulishindwa ulipokuja umebebwa na askari, ukashinda ulipochukuliwa na wenye shamba. Ukweli haukubadilika. Kilichobadilika ni mwenye ukweli. Jambo la kweli asiloshirikishwa mtu katika kuliamua ni mali ya mwingine iliyowekwa nyumbani mwake, hatailinda usiku.

Yapo mashaka mengine yenye uzito zaidi, nami sitaki kuyapita kimya. Udongo uporomokao Iveti haubaki Iveti. Mvua huutia katika mto Athi. Mto huo ukienda mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na karibu na Malindi huingia baharini ukaifanya bahari nyekundu. Mtu azembeaye mlimani, basi, humdhuru mvuvi asiyemjua, na humdhuru mjukuu ambaye hajazaliwa bado. Hapo hata Mill atatoa ruhusa ya kulazimisha, kwa kuwa wengine wanadhuriwa. Je, tukatae sheria zote?

La, hasha. Watu wakiishi pamoja, sheria hazina budi kuwapo, na sheria isiyoweza kulazimisha ni ombi tu. Shule yako yakulazimisha kuamka alfajiri, wala hujawa mtumwa. Lakini kabla ya kuiita nguvu yoyote kuwa ni haki, ipitishe katika milango mitatu. Mlango wa kwanza: je, yeye alazimishwaye ana sauti katika kuitunga sheria hiyo? Mlango wa pili: je, gharama yake inabebwa na nani, na faida yake inakwenda kwa nani? Mlango wa tatu: je, mwenye kulazimisha amejitia mwenyewe chini ya sheria hiyo, au ameifanya kwa ajili ya wengine tu?

Pitisha amri ya mwaka 1938 katika milango hii. Katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya hakuwamo Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Gharama ilikuwa ya mfugaji, na faida ya karibu ilikuwa ya mnunuzi na kiwanda. Na mipaka iliyosababisha msongamano haikuguswa, kwa sababu upande wa pili wa mpaka walikaa watu wa taifa la mtawala. Amri ile iligonga milango yote mitatu ikakuta imefungwa. Kwa hiyo ilikuwa dhulma, ingawa jambo iliyolisema kuhusu udongo lilikuwa kweli. Shika neno hili, msomaji, maana ni zito: mtu aweza kuwa na haki katika jambo asemalo, asiwe na haki katika jambo alitendalo.

Wala usidhani kwamba soko lenyewe, au kiwanda, au dunia pana, ni adui wa mtu wa kijijini. Tazama sanaa. Mashariki ya Machakos kuna mahali paitwapo Wamunyu, ambapo ndipo chimbuko la uchongaji wa vinyago uliolipa jina la Wakamba sifa duniani. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge, mtu wa huko, alichukuliwa katika vita vya 1914 hadi 1918 akafika Tanganyika, akaona kazi ya wachongaji wa Kizaramo, naye aliporudi akaanza kuchonga na kuuza. Wengine wakajifunza kwake. Himaya iliyompeleka vitani haikukusudia kumfundisha sanaa. Alijifundisha mwenyewe katikati ya taabu aliyotiwa. Baadaye twiga, swala na wapiganaji wa mti waliochongwa na mikono ya Wakamba walisafiri mpaka Ulaya na Marekani.

Wapo wasemao kwamba kazi hiyo si sanaa, kwa sababu swala wa mia moja hufanana na swala wa kwanza, na kwamba soko limemfanya mchongaji kuwa mtambo wa nyama na damu. Lawama hiyo ina kiasi chake cha kweli. Lakini tazama tofauti kati ya mnada na kibanda cha mchongaji. Hapana mtu aliyekuja kutia chapa vinyago vyake akasema hivi vimezidi. Bei isipomfaa, huvifunika vinyago akangoja kesho. Akitaka kuchonga sura ambayo hapana mnunuzi aliyeitaka, hapana amkatazaye. Wote wawili wamekutana na soko la dunia. Mmoja aliburutwa, mwingine alikwenda kwa miguu yake.

Na uhuru huo nao una deni lake. Miti migumu ya kuchonga, mpingo na muhugu, ilipungua kwa sababu ya shoka za wachongaji. Hapana himaya ya kulaumiwa kwa kila mti ulioangushwa. Wachongaji wenyewe walilazimika kufikiri, na baadhi yao wakageukia mti wa mwarobaini, ambao hukua upesi. Aliyekataa kufanywa mtoto hana budi kukubali mizigo ya mtu mzima. Hiyo ndiyo bei ya heshima, nayo haina mnada.

Sasa, kijana usomaye, neno la mwisho ni lako. Huenda ukasikia habari hizi ukajipa moyo kwamba wewe ni wa ukoo wa waliotembea kwenda Nairobi. Ukumbuke pia kwamba elimu unayoitafuta itakupeleka upande wa pili wa meza. Utakuwa daktari, bwana shamba, mwalimu au ofisa, na siku moja utasimama mbele ya watu wasiosoma kama wewe, ukiwa na karatasi mkononi, na maneno ya karatasi hiyo yatakuwa kweli. Utaona wanasitasita. Utaona kwamba amri ni fupi kuliko mazungumzo, na kwamba jua linakuchwa. Siku hiyo hutajaribiwa na uongo. Utajaribiwa na ukweli wako.

Katika jiji la Nairobi, mbele ya soko kuu lililo katikati ya mji, upo mtaa uitwao Muindi Mbingu. Ndani ya soko hilo nyama huuzwa, na vinyago pia huuzwa, na kila mwenye mali husema bei yake. Wapitao hapo kila siku ni maelfu, na wengi hawajui ni nani aliyeitwa kwa jina hilo. Wewe sasa wajua. Basi, utakapokuwa na elimu na mamlaka juu ya wenzio, keti kwanza na mwenye ng'ombe, umwulize kwa nini ana wengi.